Mkimbizi aliyefungua kituo cha vijana



Tunajua kijana aliyerudi anahitaji jembe ao cherehani. Lakini vijana wetu wanahitaji pia kuzoeana tena na wenzao waliobaki. Juu ya ile, tukumbuke kituo cha Aberdovey, kijiji cha kando ya bahari kule Wales.

Kurt Hahn alikuwa mwalimu Mjerumani, Muyahudi. Mwaka 1933 alimpinga Hitler, akafungwa, kisha akakimbilia Uingereza. Wakati wa vita, Lawrence Holt, mkubwa wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliona kama meli ikizama, mabaharia vijana walikufa upesi kuliko wazee. Nguvu walikuwa nayo, moyo ndio ulikosa. Basi mwaka 1941 wakafungua kituo pamoja. Karibu mwezi mzima, vijana wa meli, wa viwanda na wa masomo walilala pamoja, wakaendesha mashua, wakapanda milima, wakajifunza kuokoa watu.

Kisha vita, Hahn naye alirudi kwao, akasaidia tena masomo aliyoyaacha Salem.

Sisi tuna milima na ziwa. Tunaomba vijana waliorudi na waliobaki wapewe siku za kufanya kazi pamoja.