Swichi za Mwanga: Kutoka Kioo hadi Polima

Aina moja ya swichi inayoendeshwa kwa mwanga ina asili yake katika vioo vya rangi. Viwanda kama Schott na Corning viliuza kwa miaka mingi vioo vya kuchujia mwanga, vya njano na vyekundu, vilivyotiwa kadmiamu salfaidi na kadmiamu selenaidi. Siri ya rangi hizo ilianza kufunguka pale Alexei Ekimov wa Taasisi ya Vavilov, Leningrad, alipotia kloridi ya shaba katika kioo na kukipasha moto wa nyuzi 500 hadi 700, vipande vingine kwa saa 1, vingine kwa saa 96. Fuwele zilizoota ndani zilipishana ukubwa, kuanzia nanomita 2 hivi, na kadiri zilivyokuwa ndogo ndivyo zilivyofyonza mwanga wa mawimbi mafupi zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1981.

Mwaka 1983 watafiti Jain na Lind, nchini Marekani, walivipiga vioo vya chujio kwa leza, wakakuta mwanga mkali unabadilisha haraka mno tabia ya kioo. Elektroni zikishajaza nafasi zilizopo, mwanga unaofuata hukosa pa kufyonzwa, ukapenya. Mwali mmoja humfungulia mwenzake njia, bila waya. Kwa mawasiliano ya nyuzi za kioo hilo lilikuwa tumaini kubwa: ujumbe usingelazimika kugeuzwa umeme kwenye kila njia panda.

Lakini vioo viliponda tumaini hilo. Vikimulikwa muda mrefu viliingia giza, na fuwele zake hazikulingana. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wa MIT walitengeneza fuwele kama hizo nje ya kioo, kwa kudunga kemikali ghafla katika kiyeyusho cha moto. Fuwele zikaanza kuota kwa pamoja, zikatoka karibu sawa. Kwa kuwa sasa zilikuwa huru, ziliweza kuchanganywa na polima na kutandazwa kuwa utando mwembamba. Huko Berkeley, kundi la Paul Alivisatos lilionyesha mwaka 1996 kwamba polima ikimulikwa huikabidhi fuwele elektroni yake. Hapo ndipo mseto huo wa fuwele na polima ulipopata uzito wa kweli: polima haikuwa gundi tu, ilishiriki kazi.

Hata hivyo, swichi zenyewe zimebaki zaidi maabarani, kwani kuzifungua hudai leza kali, na ukali huo huleta joto linalochakaza polima. Utando wa fuwele na polima ulifika sokoni kwa kazi nyingine, ndani ya skrini za televisheni, katika miaka ya 2010.