Picha za Ukutani katika Makanisa ya Møn

Kwenye kisiwa cha Møn, nchini Denmark, kuna makanisa matatu ya vijijini: Elmelunde, Keldby na Fanefjord. Karibu na mwaka 1500, wakati Italia ilikuwa katikati ya Renesansi, fundi ambaye jina lake limepotea alichora habari za Biblia kwenye dari zao za matao. Huitwa tu Fundi wa Elmelunde. Adamu wake analima kwa plau, kama wakulima waliokuwa wakimtazama kutoka chini.

Mwaka 1536 Denmark ikawa nchi ya Kilutheri. Wengi wetu tunadhani ya kwamba Matengenezo yalifuta picha zote mara moja. Sivyo. Luther mwenyewe, mwaka 1522, alihubiri Wittenberg kuwapinga waliovunja sanamu kwa nguvu. Picha nyingi zilipakwa chokaa polepole, na vizazi vya baadaye, mara nyingine kwa sababu tu dari imechafuka. Na chokaa hiyo ndiyo iliyozihifadhi.

Katika karne ya 19 zilianza kufunuliwa. Jacob Kornerup alifanya kazi kubwa, lakini desturi ya siku zake ilikuwa kupaka rangi mpya juu ya ile iliyofifia, hata mtazamaji asijue mkono wa kwanza uliishia wapi. Eigil Rothe, aliyekuja nyuma yake, alikuwa mwangalifu zaidi. Sisi tunaona Rothe alikuwa na haki.

Adui mkubwa ni unyevu. Ukuta hufyonza maji ya ardhini, na maji hubeba chumvi. Wakati wa baridi kanisa likipashwa moto kwa ibada, ukuta hukauka haraka. Chumvi hugeuka chembe ngumu chini ya rangi na kuisukuma mpaka idondoke. Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza nje: paa na mifereji. Nyufa hujazwa chokaa na mchanga, si simenti, maana simenti hufungia unyevu ndani. Plasta iliyoachana na ukuta hudungwa chokaa laini kwa sindano. Vumbi huondolewa kwa burashi laini, kavu.

Makumbusho ya Taifa hutoa shauri, lakini kanisa hutunzwa na baraza la washarika, na hapo ndipo penye ugumu: picha zinataka hewa isiyobadilika ghafula, wazee wanaokuja kusali wanataka joto. Shauri la kawaida ni kupasha polepole, kwa kiasi, na waabudu wabaki na makoti yao.