Vazi Kavu au Vazi la Hewa? Historia Fupi ya Vazi la Mpiga Mbizi na Uteuzi wa Jina Lake

Miongoni mwa maneno yanayomfikia mkuza istilahi, yako majina ya vifaa ambavyo hapa kwetu havina matumizi makubwa. Kimojawapo ni lile vazi ambalo mpiga mbizi wa nchi za baridi hulivaa, akateremka chini, na akatoka majini mwili wake haujarowa. Maji yanayoizunguka Unguja yana joto la nyuzi 25 hadi 29 hivi mwaka mzima. Mgeni anayeteremka kwenye matumbawe ya Mnemba hutosheka na vazi jepesi la mpira la milimita 3, na mvuvi wa majongoo huteremka na fulana yake. Hata hivyo jina linatakiwa. Linatakiwa na afisa anayeandika zabuni ya vifaa vya kazi katika maji machafu ya bandari, ambamo vazi hilo hutumika kuikinga ngozi hata kama hakuna baridi. Na linatakiwa na mwalimu wa kijana wa Nungwi ambaye huenda kesho akaajiriwa katika bahari isiyo na joto kama hii.

Tafsiri inayokuja haraka ni “vazi kavu”. Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba historia ya vazi lenyewe inatuelekeza kwenye jina lililo bora.

Kwanza tumalize suala la mvaaji. Kisarufi, “mzamiaji” ni neno lisilo na dosari. Lakini bandarini, na siku hizi hata magazetini, mzamiaji ni yule anayejificha ndani ya meli ili asafiri bila ya nauli wala ruhusa. Na katika mitaa, aendaye harusini bila ya kualikwa naye husemwa amezamia. Mfasiri akiandika kuwa idara fulani inahitaji wazamiaji kumi, atawachekesha wasomaji. “Kupiga mbizi” hakujapatwa na msiba huo: watoto wanaojirusha baharini kutoka ukutani Forodhani hupiga mbizi, na hakuna awashukuye. Basi tushike “mpiga mbizi”, na vazi lake kwa jumla liwe “vazi la mbizi”.

Sasa vazi lenyewe. Mnamo tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu kwa muda usiotimia saa moja, manowari za Kiingereza ziliizamisha meli Glasgow mbele ya Mji Mkongwe. Meli hiyo ilikuwa ya Sayyid Barghash, aliyeletewa mwaka 1878 baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza merikebu zake. Kwa miaka mingi milingoti yake ilionekana juu ya maji, hata mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus karibu na hapo hapo; baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani.

Zama hizo, aliyeteremka kushughulikia mabaki ya namna hiyo alivaa vazi lililokamilishwa London na Augustus Siebe katika miaka ya 1830: kofia ya shaba, viatu vya risasi, na joho zima la turubai lenye mpira katikati, vyote pamoja vikikaribia kilo 80. Pampu ya juu ilimpelekea hewa kwa mrija. Hewa hiyo haikuwa ya kuvuta puani tu, bali ilijaza kofia na sehemu ya juu ya vazi, ikatoka kwa vali. Ikizidi, mtu huvimba kama kiriba akapaa juu mikono imetanda, asiweze hata kuifikia vali yake; ikipungua, turubai humbana mpaka nyama ikaumia. Maji hayakumgusa mwili, ndiyo. Lakini kazi yake ya kila dakika ilikuwa kuitawala hewa.

Mwaka 1943 Wafaransa Cousteau na Gagnan walitengeneza chombo cha kupumulia kinachobebwa mgongoni, na mwaka 1952 Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California akabuni vazi la mpira wenye viputo. Vazi hili huruhusu maji machache yaingie. Mwili huyapasha moto na viputo huzuia joto lisipotee. Ndilo linalokodishwa leo Nungwi na Kendwa. Lile la zamani la kuzuia maji halikufa, bali lilivuliwa kofia ya shaba: likapata zipu isiyovuja, kola na vikuku vya mpira shingoni na mikononi, vali ya kujazia kifuani na vali ya kutolea begani.

Hapa ndipo “kavu” inapokwama. Nguo kavu katika Kiswahili ni nguo iliyoanuliwa kambani, na kinyume chake ni nguo mbichi. Ni sifa ya hali ya muda. Koti la mvua humwacha mtu mkavu, wala hatukuliita koti kavu. Isitoshe, anayenunua vazi hili kwa mara ya kwanza akiongozwa na jina hilo atauliza swali moja tu: je, linavuja? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo vazini husinyaa ikawa nusu, lazima iongezwe. Anapopanda hutanuka tena; lazima itolewe. Vazi likiwa pana mno, hewa hukimbilia miguuni, mtu akapinduka na kupaa kasi, na kupaa kasi huumiza mapafu na kujaza damu viputo. Basi mnunuzi auulizie kwanza ukubwa unaomkaa, na vali ambazo mkono wake unazifikia.

Kwa hiyo napendekeza jozi: “vazi la maji” kwa lile la Bradner, linalofanya kazi kwa maji yaliyoingia, na “vazi la hewa” kwa hili. Nimeambiwa kuwa la pili litadhaniwa la marubani. Sioni hivyo, kwa kuwa mambo ya marubani tayari yamechukua “anga”. Hoja dhidi ya la kwanza ina uzito zaidi: “vazi la maji” laweza kusikika kama nguo ya kuogelea. Katika zabuni, basi, iandikwe kwa ukamilifu “vazi la mbizi la maji” na “vazi la mbizi la hewa”, na ufupisho uachiwe mafundi wenyewe.