Dhahabu au shaba? Jinsi vito vilivyotumika vinavyotambuliwa

KATA ya Kemambo, wilayani Tarime mkoani Mara, imo katika eneo la Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Hata hivyo, kauli kwamba mkufu ni "dhahabu ya Nyamongo" haithibitishi chochote pale mkufu huo unapouzwa kwa picha kwenye simu. Dhahabu ya mgodini humiminwa kuwa matofali yenye fedha na metali nyingine ndani yake, kisha husafishwa kiwandani. Inapofika kwa sonara kwa kawaida haina tena alama ya mahali ilikochimbwa.

Si kila kosa ni ulaghai. Aliyerithi pete ya bibi yake huweza kuitangaza kuwa dhahabu kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Kinyume chake pia hutokea: pete ya karati 9, ambayo shaba yake nyingi huifanya iwe nyekundu-nyekundu, huuzwa kwa bei ya pambo la kawaida.

Alama zilizogongwa ndani ya kito husaidia, zikisomwa vizuri. Namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18 na 916 ni karati 22. Linalowapotosha wengi ni 925. Hiyo si dhahabu ya asilimia 92.5, bali ni fedha, na mkufu wa njano wenye namba hiyo ni fedha iliyopakwa dhahabu. Herufi GP nazo humaanisha kupakwa. Lakini hata alama sahihi yaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo.

Sumaku hukataa chuma tu. Shaba, zinki na fedha hazivutwi, kwa hiyo kito kisichovutwa bado kinaweza kuwa shaba ya njano.

Kipimo cha maji kina nguvu zaidi. Pete hupimwa uzito, kisha huning'inizwa kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani bila kugusa kitako. Gramu zinazoongezeka ndizo sentimita za ujazo wa pete. Pete ya gramu 9 ya karati 18 huongeza takribani gramu 0.6, ya shaba ya njano huongeza kidogo zaidi ya gramu 1. Mizani lazima isome sehemu ya mia ya gramu, na kipimo hakifai kwa kito chenye jiwe au chenye uwazi ndani.

Kwa mawe ya machimboni mambo ni mepesi zaidi. Piraiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, hupasuka ikigongwa na huacha mstari mweusi kwenye kigae kisicho na rangi. Dhahabu hutandazika, na mstari wake ni wa njano. Dhahabu ghafi, tofauti na pete iliyotumika, huuzwa kisheria kupitia masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, au kwa wenye leseni.

Mashine ya eksirei hutoa jibu kwa sekunde chache, ila husoma tabaka la juu tu. Ndiyo maana mpimaji makini hukwangua kwanza mahali pasipoonekana.