Moyo wa Mzee na Zile Herufi Tano

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee ECG, kile kipimo cha moyo cha kubandikwa nyaya kifuani. Wengi wetu tumefika umri wa kusoma majibu ya wazazi, na maneno "si ya kawaida" yanatosha kuwanyima usingizi watu wa nyumba nzima. Lakini kipimo hiki kinapima nini hasa?

Mwaka 1887, huko London, Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua. Alitumia zebaki ndani ya bomba jembamba la kioo, na picha zilitoka hafifu. Mwenyewe hakutarajia kitu hicho kitumike sana hospitalini!

Aliyekikamilisha ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1860. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Leiden, alining'iniza uzi mwembamba mno katikati ya sumaku. Umeme wa moyo ukipita, uzi unacheza, na kivuli chake kinapigwa picha. Mashine ilikuwa na kilo 270 hivi, ikiendeshwa na watu 5, huku mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu kwenye maji ya chumvi. Mwaka 1924 akapata Tuzo ya Nobel.

Herufi P, Q, R, S na T alizipachika yeye. P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, QRS ni wa vyumba vya chini, T ni moyo kujiandaa kwa pigo lijalo.

Sasa shikeni hapa: tangu enzi za Einthoven, ECG inaandika umeme tu. Haioni mishipa wala valvu. P ikipotea na mapigo yakaenda ovyo, damu inaweza kuganda moyoni na kuleta kiharusi. Hilo linatibika likijulikana mapema. QRS ikirefuka kupita kiasi, huenda kuta za moyo zimenenepa kwa presha ya miaka mingi. Ikitanuka, njia ya umeme ina hitilafu, na ikiwa ni njia ya kulia pengine mzee hana ugonjwa wowote wa moyo. Kinyume chake pia ni kweli: ECG safi haithibitishi kwamba mishipa iko wazi.

Mzee wangu, mwenye presha ya siku nyingi, aliandikiwa hiyo ya kuta nene. Mashine ilikisia, daktari akaagiza ECHO, ambayo huonyesha kuta zenyewe.

Kwa hiyo karatasi isikufanye uanze matanga, wala usiifungie kabatini. Muulize daktari mambo matatu: nini kimebadilika, kinaendana na dalili gani, na kipimo gani kinafuata. Tunza nakala, maana ECG ya zamani ndiyo humwonyesha daktari kilicho kipya. Ila kifua kikibana, pumzi ikikata au mzee akizimia, usisubiri miadi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.