MOSHI WA JIKONI, SEHEMU YA 3: Jiko lilivyotoka uani likaingia chumbani

Haya mama zangu, tuendelee. Nimetoka zamu ya usiku, mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Jana mmoja wenu aliniandikia inboksi: "Nesi, mimi situmii kuni, natumia mkaa, hayo ya moshi hayanihusu." Nikaona hili halijibiwi kwa mstari mmoja. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Bibi zetu hapa pwani walipika kwa kuni juu ya mafiga matatu. Lakini angalia walipikia wapi. Uani, au kwenye banda la makuti lililojitenga na nyumba, upepo wa bahari unapita. Moshi ulikuwepo, tena mwingi, na kikohozi cha bibi tumekisikia wote. Ila ulikuwa na njia ya kutokea, na aliyelala chumbani hakulala nao.

Mkaa ndio uliobadilisha mambo. Kuni huwezi kuziwasha chumbani ukavumilia, mkaa unaweza. Mji ulivyokua, watu wakapanga chumba kimoja, ua mnachangia wapangaji sita, basi jiko likaanza kusogea. Kwanza barazani, halafu koridoni, mwisho karibu na kitanda. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa ili kuokoa misitu. Marufuku haikudumu, maana watu wangepikia nini? Wengine walikuwa na jiko la mchina la mafuta ya taa, mnalikumbuka? Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Bei ikaruka, na wengi tukarudi kwenye gunia la mkaa.

Sasa kuna jambo wengi wenu hamlijui, na limetokea hapahapa kwetu. Watafiti walikuja Nianjema, Bagamoyo, wakapima hewa kwenye nyumba zinazopikia kuni na mkaa. Walipima jikoni, sebuleni na nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Hewa chafu kuliko zote ilikuwa jikoni, na ya nje ilikuwa na nafuu. Hapo labda hushangai. Lakini vumbi laini la moshi lilikuwa baya zaidi kwenye nyumba ambazo jiko na sebule ni chumba kimoja. Wakahesabu pia wagonjwa wa njia ya hewa. Kati ya wapishi na watoto wa chini ya miaka 5, zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa, karibu 55 katika kila 100. Baba, na wanawake wasiopika mara kwa mara, walikuwa na nafuu kubwa. Watafiti wenyewe walisema utafiti zaidi unahitajika, na mimi sitawaongezea chumvi. Ila soma tena nani kaumia: anayepika, na aliyebebwa mgongoni.

Turudi kwa mama wa mkaa. Usichokiona ndicho cha kuogopa. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, unahisi usingizi, unajilaza. Chumba kikiwa kimefungwa, wengine hawaamki.

Na mimi nisijifanye malaika. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa masika, mvua haikati. Mama akasema mzazi na kichanga wasipigwe baridi, jiko likaletwa chumbani, mlango ukafungwa. Nesi mzima, diploma ukutani, nikakubali! Nilishtuka kichwa kinagonga kama ngoma, nikatambaa kufungua dirisha. Mtoto alikuwa mzima. Mama yangu hadi leo anasema ilikuwa uchovu wa uzazi.

Mtoto akikohoa nyumbani, mvulie fulana, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Mwaka hadi miaka 5, 40 au zaidi: njoo hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri hata kukuche.

Najua mtaniambia gesi. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nafurahi. Lakini mtungi wa kilo sita ukiisha katikati ya mwezi, mkaa wa kopo upo dukani kwa jirani, na hilo hakuna anayehitaji kunifundisha. Tutaliongea sehemu ya 4.

Kwa leo, dada yangu wa inboksi, nijibu moja tu: ukishamaliza kupika usiku, jiko lako na makaa yake linalala wapi?