Mkuki wa Mvamizi: Wangoni na Falme za Iringa na Usangu

Katika somo la historia ya Kanisa tunafundisha jinsi Waviking walivyoipora nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, wakaziangusha falme za Waingereza moja baada ya nyingine. Wessex peke yake ilisimama. Mwaka 878 mfalme wake Alfred alimshinda Guthrum, akawa baba yake wa ubatizo, kisha akajenga miji yenye ngome. Wanafunzi wetu huyasoma hayo kama mambo ya ng'ambo. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini zilipitia jambo lililo karibu sana na hilo.

Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baada ya kifo chake huko Ufipa katika miaka ya 1840 waligawanyika, na baadhi yao wakafika Songea. Waliowashambulia hawakubaki kama walivyokuwa. Wasangu walijifunza kwao mpango wa vikosi na namna ya kutumia mkuki. Wahehe nao wakajifunza kwa Wasangu. Hapo kwanza Uhehe ulikuwa nchi ya watemi wadogo wengi. Munyigumba aliwaunganisha, na mwanawe Mkwawa akajenga ngome ya Kalenga. Vita vya Wahehe na Wangoni, kati ya mwaka 1878 na 1882, vilikwisha bila mshindi.

Basi, kama Wessex, Uhehe ulipata umoja kutokana na tishio. Lakini hatuna budi kuuliza: umoja huo ulimgharimu nani? Mkuki uliojifunzwa kwa mvamizi uligeuzwa kwa majirani. Merere wa Usangu alifukuzwa katika nchi yake, akakimbilia Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Kwa hiyo, Wahehe walipokishinda kikosi cha Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, si kila jirani aliyefurahi. Wasangu waliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na kwa msaada huo wakarudishwa Usangu. Aliyeonewa jana alimkaribisha mvamizi mpya.

Onyo la Bwana kwa Petro kule Gethsemane (Mt. 26:52) lapata hapa mfano wa nyumbani. Nasi wachungaji yatupasa kujihadhari. Katika shirika moja huketi vitukuu vya Wahehe, Wasangu, Wabena na Wangoni. Tukiusifu ushujaa wa Lugalo mimbarini, tukanyamaza juu ya waliofukuzwa Usangu, tumewahubiria nusu ya washarika na kuwajeruhi wengine.

Twawasihi wanafunzi wetu, wakati wa mazoezi ya usharikani, wawasikilize wazee wa pande zote kabla ya kupanda mimbarini. Meza ya Bwana haitutaki tusahau. Yatutaka tuseme kweli tukiwa tumeketi pamoja.